Nyota nne kwa ICU iliyokataa kunilaza fofofo

Wanaosoma tathmini zangu wamezoea vitu vya kawaida: maduka ya spea ya Kirumba, plagi feki zinazouzwa kwa bei ya orijino, mama lishe wa Mwaloni anayekaanga sato mpaka mwiba unatafunika. Mimi ni fundi wa mashine za boti, mwaka wa 22 huu, na kazi yangu kubwa ni kusikiliza. Leo natathmini huduma ambayo sikuichagua na ambayo kwa siku nne za mwanzo hata sikujua kwamba ninaipata. Nililazwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ya hospitali moja hapa Mwanza, siku 9 nikiwa kwenye mashine ya kupumulia. Jina la hospitali nalihifadhi. Nina sifa nyingi za kutoa, ila nina malalamiko mawili pia, na sitaki watu walionitoa kaburini waitwe ofisini kwa sababu ya mdomo wangu.

Ugonjwa wenyewe ni nimonia. Nilikesha ziwani nje ya Igombe, mvua inanyesha, nafungua kabureta ya boti ya dagaa ambayo tajiri wake alikuwa ananipigia simu kila nusu saa. Nikarudi na kikohozi. Nikakitibu kwa tangawizi, asali na vidonge vya duka la dawa kwa wiki nzima, mpaka mke wangu aliponipakia kwenye bajaji nikiwa siwezi kumaliza sentensi. Usaha ulikuwa umejaa kati ya pafu na ubavu. Wakanitoboa, wakaweka mrija wa kuutoa, lakini usiku uleule oksijeni ya kinyago ikawa haitoshi tena. Daktari, kijana anayelingana na kifungua mimba wangu, akainama sikioni: “Mzee wangu, tunakulaza kidogo tukuwekee mpira wa kupumulia. Ukiamka utaukuta mdomoni na hutaweza kusema. Usiogope, sauti yako ipo, itarudi.” Maneno hayo yalimchukua muda mfupi kuliko kuvaa glovu. Nilikwenda nayo usingizini, na siku ya tano niliyakuta yananisubiri.

Kuanzia hapo nasimulia kwa msaada wa daftari. Mke wangu anauza dagaa wa jumla, kila kitu anakiandika kwenye kaunta buku: magunia, madeni, nauli. Sista mmoja alipomwona na lile daftari akamwambia, “Mama Kulwa, mwandikie na baba. Akipona atataka kujua siku zake zilikwenda wapi.” Nilidhani ni mbinu ya kumliwaza tu. Baadaye mpwa wangu ambaye ni muuguzi akaniambia huo ni utaratibu unaojulikana, ulianzia nchi za Skandinavia: ndugu na wauguzi wanamwandikia mgonjwa aliyelala, ili akiamka awe na cha kujazia lile shimo la kumbukumbu. Kwangu shimo ni la siku nne kamili.

Siku mbili za mwanzo walinizamisha usingizini, na hapo sina ugomvi nao. Mapafu yalikaza kiasi kwamba walinilaza kifudifudi saa 16 kwa mkupuo ili sehemu za mgongoni zipate nafasi ya kufunguka, na mtu aliyelala hivyo, mpira kooni, huwezi kumwacha ajigeuze atakavyo. Wapo wagonjwa ambao usingizi mzito ni lazima kwao. Aliyeumia kichwa na ubongo umevimba ni mmoja, na mwenye degedege lisilokoma ni mwingine. Mimi nilikuwa kwenye kundi hilo kwa saa 48. Nilipewa midazolamu ya usingizi na mofini ya maumivu, zote zikisukumwa na pampu matone kwa matone.

Kasheshe ilianza kwenye kuamka. Figo zangu zilikuwa zimechoka, mkojo unatoka kidogo sana. Dawa hizo mbili mwili ukishazivunja, mabaki yake bado yana nguvu, na mwenye kazi ya kuyatoa ni figo. Wakazima pampu asubuhi ya siku ya tatu, nikaendelea kulala. Fundi yeyote wa boti ataelewa: ukifunga bomba la mafuta mashine haizimi papo hapo, inakula kwanza yaliyobaki kwenye kabureta, na kabureta yangu ilikuwa imejaa. Daftari la siku ya nne lina mstari mmoja, mwandiko umelegea: “Nimemwita mara nyingi, hajibu. Dokta anasema dawa bado imo mwilini.” Chini yake kuna hesabu ya gunia sita za dagaa. Maskini, alikuwa bado anafanya biashara kwa simu kwenye benchi la korido.

Walibadilisha, na hili nawapa sifa kwa sababu walijirekebisha bila kusubiri kuulizwa. Maumivu wakayahamishia kwenye fentanili, ambayo haizitegemei figo kiasi kile. Usingizi wa usiku wakauhamishia kwenye propofoli. Mke wangu ameandika: “Leo amepewa maziwa kwenye mshipa.” Hakukosea sana. Propofoli ni nyeupe kama maziwa kwa kuwa imechanganywa na mafuta ya soya, na kalori za mafuta hayo mtaalamu wa lishe anazihesabu pamoja na uji wa mpira wa pua. Ukiizima, mtu anaamka haraka. Ubaya wake inashusha presha, kwa hiyo walikuwa wanaipandisha kwa kuiibia, kama mtu anayepitisha boti kwenye mawe.

Siku ya tano nikaibuka. Ila sikuibukia Mwanza.

Niliibukia ziwani usiku, na mimi ndiye niliyekuwa mashine. Nimefungwa nyuma ya boti kwa skrubu mbili, kichwa chini. Bomba la mafuta wamelisukuma mpaka kooni, na mtu nisiyemwona anabinya lile pira la kupandishia petroli: anabinya, anaachia, anabinya, anaachia, na kila akibinya kifua changu kinajaa. Pande zote taa za wavuvi wa dagaa, nyingi mno, zinaniangaza machoni. Halafu king'ora kikaanza. Mlio ule nimeusikia maisha yangu yote, ni wa mashine iliyopata moto kwa sababu maji ya kupoza hayapiti. Nikajaribu kupiga kelele: zima, utaua pistoni! Sauti haitoki. Wanaendelea kubinya.

Taa zilikuwa za dari. King'ora kilikuwa cha mashine ya kupumulia, iliyokuwa inalalamika kwamba nashindana nayo. Hali hiyo inaitwa deliriamu, akili kuvurugika kwa ghafla kwa sababu ya ugonjwa, dawa na kukosa usingizi, na inawapata wagonjwa wengi sana wa mashine. Dawa za jamii ya midazolamu zinaichochea. Mpwa wangu anasema wanaopiga mateke kama mimi wana nafuu moja: wanaonekana. Wako wanaokaa kimya wanatazama ukuta, ndugu wakifurahi kwamba mgonjwa katulia, kumbe yuko peke yake mahali pabaya.

Usiku huo niliushika mpira nikataka kuung'oa. Wakanifunga mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Hapa ndipo lilipo lalamiko langu la kwanza, na naomba nieleweke. Mpira ule una kiputo kilichojazwa hewa ndani ya koo. Ukiung'oa hivyohivyo unajichana, na kuurudisha kwa mtu mwenye mapafu mabovu ni bahati nasibu. Kwa hiyo kunifunga, sawa. Lakini walinifunga kimyakimya, wawili, wakizungumza juu yangu habari za kikoba. Hakuna aliyesema, “Baba, tunakushika mikono kidogo usijiumize, tutakufungua asubuhi.” Matokeo yake akili yangu iliyokuwa ziwani ikatafuta maelezo yake yenyewe: nimekamatwa na doria, kwa kosa la kuvua kwa kokoro. Mimi, ambaye sijawahi kutupa wavu! Nilikaa mahabusu usiku mzima nikitunga utetezi.

Asubuhi mke wangu akaingia, akanikuta nimetoa macho, natoka jasho, navuta zile bandeji, machozi yananitiririka. Alichokifanya angekifanya mke yeyote. Alimwambia sista aliyeingia zamu, “Mwanangu, nakuomba mlazeni kabisa. Asisikie chochote. Mnamwacha hivi kwa nini?” Na mimi ningekuwa upande wake ningesema vivyo hivyo. Kwa sisi watu wa nje, mgonjwa aliyelala kimya ndiye anayehudumiwa vizuri.

Sista akamwamkia kwanza. Halafu akasema, “Mama, nikimlaza sasa hivi nitakuwa nimezima kelele tu. Naomba dakika tano nitafute kinachomsumbua.”

Nimemrudisha mke wangu kwenye dakika hizo mara nyingi anisimulie. Sista alisimama akanitazama tu, kama ninavyoitazama mashine kabla ya kuigusa. Baadaye niligundua alikuwa anahesabu. Kuna kipimo cha maumivu kwa mtu asiyeweza kusema: uso umekunjamana kiasi gani, mwili unafanya nini, misuli imekaza au imelegea, na mashine anakubaliana nayo au anagombana nayo. Kila kimoja kina alama 0 mpaka 2, jumla 8. Ukifika 3, umchukulie mgonjwa ana maumivu. Mimi nilipata 6. Kisha akapitisha mkono kuanzia kichwani. Mpira wa mdomoni uko sawa. Shingo iko sawa. Akainua ubavu wangu wa kulia, akasema, “Ehee.” Mrija wa usaha ulikuwa umejikunja chini yangu, na kile kiungio chake cha plastiki kigumu kimezama katikati ya mbavu. Nilikuwa nimelalia bolti usiku kucha.

Akautoa, akaunyoosha, usaha ukaanza kushuka tena. Akanipa fentanili kidogo. Daftari linasema: “Saa 2:40 asubuhi amelala mwenyewe. Hawakumwongezea ya usingizi.”

Sasa ngoja niseme kifundi. Wako wamiliki wa boti ambao mashine ikianza kugonga wanaongeza sauti ya redio. Wanafika mwalo wakiwa na furaha, na kesho yake wananiletea mkono wa pistoni uliovunjika. Wangeniongezea usingizi asubuhi ile ningetulia kweli. Alama zangu zingekuwa nzuri, mke wangu angerudi Mwaloni moyo mweupe, na ule mrija ungeendelea kunichimba huku usaha ukijaa upya kifuani. Nyota tatu kati ya nne nilizotoa ni za dakika tano hizo.

Baada ya hapo nilikuwa na namba. Kwenye fomu kubwa ya miguuni walikuwa wanaandika kiwango cha kuamka kila saa chache. Sifuri ni mtu aliye macho na mtulivu. Kwenda juu mpaka +4 ni fujo tupu, kwenda chini mpaka -5 ni mtu asiyeshtuka hata ukimfinya. Lengo langu liliandikwa kwa wino mwekundu: -1. Maana yake niwe nasinzia, lakini nikiitwa nifumbue macho nimtazame anayeniita kwa zaidi ya sekunde 10. Kila daktari alipopita alisoma namba, akatazama lengo, ndipo akagusa pampu. Nilipoelewa utaratibu huo (baadaye, nikiwa wodi ya kawaida) nilifurahi kama mtu aliyekuta gereji yenye kipima mgandamizo. Tangu nianze ufundi nimechanganya petroli na oili, lita 50 kwa lita 1, na nimewafukuza vijana wawili waliokuwa wanamimina kwa macho.

Mpwa wangu, nilipomweleza kuhusu ile -1, alinipa historia ambayo sikuiomba lakini niliipenda. Kabla ya mashine hizi kuenea, mwaka 1952, Copenhagen ilipigwa na polio, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kubinya mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana, kuwapumulia wagonjwa. Nikacheka peke yangu: kumbe lile pira la ndotoni lilikuwa na babu yake. Mashine zilipozoeleka, wagonjwa wakawa wanalazwa usingizi mzito kwa siku nyingi, kwa huruma na kwa urahisi wa kazi. Mwaka 2000 madaktari wa Chicago wakachapisha jaribio la wagonjwa 128. Waliozimiwa dawa ya usingizi kila siku mpaka waamke walitoka kwenye mashine baada ya siku 4.9 ukimhesabu mgonjwa wa katikati, wenzao baada ya 7.3. Mwaka 2010 Wadenmaki wa Odense wakaenda mbali zaidi, wakawapa wagonjwa mofini ya maumivu bila usingizi wa mfululizo, nao wakapata siku nyingi zaidi za kupumua bila mashine. Nikamwambia mpwa basi iwe hivyo kwa wote. Akasema hapana, mjomba, punguza kasi. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mkubwa zaidi, watu 700, ukilinganisha kutolaza kabisa na kulaza kidogo huku mgonjwa akiamshwa kila siku, na vifo havikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo kilichobaki mkononi ni kile nilichopewa mimi: tibu maumivu kwanza, halafu usingizi mwepesi, na kila siku uulize kama bado unahitajika.

Nirudi kitandani. Usingizi mwepesi una gharama, na anayelipa ni mgonjwa. Lazima niseme hivyo kwa sababu nisingependa mtu adhani nilikuwa likizo Capri Point. Ukiwa macho na mpira kooni, kitu cha kwanza ni kiu. Maumivu yana dawa. Kiu inakupiga magoti. Niliota, tena macho makavu, soda ya baridi inayotoka jasho kwenye ndoo ya barafu pale stendi ya Nyegezi. Huwezi kunywa. Wauguzi wa mchana walikuwa wanafunga pamba kwenye kijiti, wanaichovya maji baridi, wanapitisha kwenye midomo na ulimi, halafu mafuta ya mgando midomoni. Hiyo huduma haina mashine wala dawa ya bei. Ningeweza kuipa nyota sita.

Kitu cha pili ni kunyonywa makohozi. Wanapitisha kamrija ndani ya mpira, kanavuta, na kwa sekunde kadhaa unaamini umekufa maji. Tofauti kati ya muuguzi na muuguzi niliipima hapo. Mmoja alikuwa anafika tu, shwaa, ameondoka. Sista wa zamu ya mchana, mwenye Kiswahili cha Kwimba, aliweka mkono begani kwanza: “Mwangaluka, baba. Leo Jumatano. Uko hospitalini, mapafu yanaendelea vizuri, mama anaingia saa sita. Sasa nakuvuta makohozi, utakohoa vibaya, nahesabu mpaka kumi nimemaliza.” Akahesabu kwa sauti. Mara nyingi hakufika nane. Kikohozi kilikuwa kilekile, lakini nilikuwa nakijua mwisho wake. Alinisemesha namna hiyohiyo hata ile siku ya nne nilipokuwa sijibu, mke wangu ameandika. Na lile neno la daktari wa usiku wa kwanza, kwamba sauti ipo itarudi, ndilo lililonizuia kuchanganyikiwa nilipofungua kinywa mara ya kwanza pasitoke kitu.

Siku ya kubadilisha mrija wa ubavuni walinipa ketamini kidogo, ambayo haishushi presha wala haikati pumzi kama nyingine. Nikaona ng'ombe wa kijani wa babu yangu kule Magu wanatembea kwenye dari kwa nidhamu. Hiyo ndoto sina malalamiko nayo.

Lalamiko la pili ni usiku, na hili ndilo lililokata nyota moja. Mchana ICU ile ilikuwa ya mafundi, usiku ikawa stendi ya mabasi. Taa zote zinawaka saa nane. Simu za wahudumu zinalia kwa miziki ya Bongo Fleva. Kengele za mashine zinaachwa zinalia kwa sababu masikio ya waliozoea hayazisikii tena, lakini yangu yamefundishwa kwamba king'ora maana yake kuna kitu kinaungua. Vipimo vya damu vinachukuliwa saa kumi alfajiri, taa ya kichwa machoni, bila neno. Halafu asubuhi wanashangaa namba yangu iko +1 na akili imerudi ziwani. Vitambaa vya macho na pamba za masikio vingegharimu pungufu ya plagi moja. Mke wangu alileta mtandio wake mweusi kunifunika macho. Usiku wa kwanza uliondolewa, wa pili wakauacha, na daftari linasema nililala saa nne mfululizo. Asubuhi yake nilijua ni Ijumaa kabla sijaambiwa.

Siku ya saba walizima propofoli alfajiri, nikaamka, wakapunguza msaada wa mashine nijaribu kupumua mwenyewe kwa nusu saa. Nilishindwa dakika ya 20, napumua haraka kama mbwa wa juani. Hakuna aliyenigombeza. Siku ya tisa nilifika nusu saa na ziada, wakapunguza hewa ya kiputo, wakasema kohoa, mpira ukatoka na ladha ya mpira wa ndani wa baiskeli. Neno langu la kwanza, kwa sauti ya chura, lilikuwa “maji”. Wakanipa kijiko kimoja baada ya kuhakikisha nameza vizuri. La pili lilikuwa kumuuliza mke wangu kama doria wameshaondoka.

Kuhusu baada ya hapo sitasema mengi. Miguu ilikuwa imekonda, nilijifunza kupanda ngazi upya kwa kushika ukuta. Kwa mwezi mzima nikisikia mashine ikikohoa pale Kirumba moyo ulikuwa unaenda mbio na mikono inatoka jasho, jambo la aibu kwa fundi. Daftari lilinisaidia. Kila nilipokumbuka kitu cha kutisha tulilifungua tukatafuta siku, na mara nyingi tulikikuta: taa, king'ora, pira, mahabusu. Kilichoandikwa kwa mkono wa mke wangu, kati ya magunia na madeni, kilikuwa kidogo kuliko kilichokuwa kichwani mwangu.

Miezi miwili baadaye niliporudi kliniki nilipita ICU na zawadi. Siku zile nikiwa macho nilikuwa naandika hewani kwa kidole na kila mtu anasoma anachotaka. Nilitaka kugeuzwa, wakaniletea shuka. Basi nikakata ubao wa plaiwudi, nikaupiga msasa, nikapaka vanishi ya boti ili ufutike kwa dawa. Juu nilichora picha: maumivu, kiu, baridi, joto, makohozi, nigeuze, saa ngapi, ndugu zangu. Chini herufi kubwa. Q na X nilizitoa, sioni mgonjwa wa Kanda ya Ziwa atakayezihitaji. Sista wa Kwimba aliukagua kama mteja wa spea, akaugeuza nyuma na mbele, akauliza kwa nini sikuweka “nyamazeni”. Nikamwambia nitaongeza.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Kuna bibi mmoja kutoka Geita alikuwa kwenye mashine siku ya tatu, anahangaika usiku, na watu wa zamu walikuwa wanajadili kumwongezea dawa ya usingizi. Wakamwekea ubao mbele. Akagusa baridi. Wakamfunika blanketi la pili, akatikisa kichwa, akashuka kwenye herufi, kidole kinatetemeka: M, I, G. Mjukuu wake akakimbia barabarani kutafuta soksi.